Kusafiri kwa Ramani ya Simu Tanga na Bagamoyo: Namna ya Kujikinga na Njia Zisizopitika

Kutoka Bagamoyo hadi Pangani, ukipima kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ni kama kilomita 110. Kwa barabara kuu ya lami, ambayo hupita Msata, Mkata, Kabuku na Segera kabla ya kurudi tena upande wa pwani, safari hiyohiyo huzidi kilomita 300. Mtu aliyeketi Bagamoyo asubuhi na simu yake mkononi huuona umbali huo wa namna zote mbili, na simu, ambayo kazi yake ni kutafuta njia fupi au ya haraka, huweza kumchorea mstari wa buluu unaopanda moja kwa moja kaskazini kupitia Makurunge, Mto Wami, Hifadhi ya Taifa ya Saadani, Mkwaja na Mwera mpaka ukingo wa Mto Pangani. Mstari huo si wa uongo, kwa kuwa njia ipo. Lakini ndani yake mna mito miwili mikubwa, eneo la hifadhi lenye saa zake na ada zake, vipande vya udongo mweusi wa mfinyanzi ambavyo mvua ya usiku mmoja huvigeuza kuwa ulimbo, sehemu zenye kazi za ujenzi, na Mto Pangani wenyewe, ambao kwa miaka mingi umevukwa kwa pantoni. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosomeka katika mstari wa buluu.

Mwongozo huu nimewaandikia madereva wa magari ya kawaida, hasa wanaokuja Tanga na Bagamoyo kuona ndugu, kuhudhuria harusi au msiba, au kupumzika, na ambao hawazijui barabara zetu. Siwaambii waache simu, kwa sababu mimi mwenyewe huitumia karibu kila safari. Ninachotaka ni kila mmoja aelewe simu inajua nini na haijui nini, kisha alizibe pengo hilo kabla hajawasha gari.

Setelaiti inajua ulipo, haiijui barabara

Mfumo wa GPS ulijengwa na Marekani na kutangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Una setelaiti zisizopungua 24 zinazoizunguka dunia katika kimo cha takribani kilomita 20,200, na simu nyingi za siku hizi husikiliza pia mifumo ya GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Watu wengi hudhani kwamba setelaiti hizo zinaliona gari lao. Haziwaoni. Kila moja hutangaza tu saa yake na mahali ilipo, na simu hupima ishara imechelewa kiasi gani kufika, kisha hukokotoa mahali ilipo yenyewe. Inahitaji kusikia setelaiti nne angalau, na penye uwazi wa mbingu hukosea kwa mita chache tu.

Kazi ya setelaiti inaishia hapo. Jina la kijiji, upana wa barabara, daraja, muda wa kufika, yote hayo hayatoki angani. Yanatoka katika ramani iliyochorwa na watu, wengi wao wakiwa mbali sana na Handeni au Mkinga, na katika makisio ya programu inayoisoma ramani hiyo. Ndiyo maana simu inaweza kuwa sahihi kabisa kuhusu mahali ulipo na ikakosea kabisa kuhusu kilichoko mita 200 mbele yako. Wazee wetu wa baharini walizitenga kazi hizi mbili. Nahodha alijua chombo kiko wapi, lakini kabla neno rubani halijahamia kwenye ndege, rubani alikuwa mtu aliyeijua milango ya miamba na vina vya mahali, na bila yeye nahodha mgeni hakuthubutu kuingia. Simu ni nahodha mzuri, lakini rubani itakubidi umtafute wewe.

Mashamba ya mkonge na barabara zisizo barabara

Kwa mkoa wa Tanga, mtego ninaouona mara nyingi kuliko yote ni njia za mashamba ya mkonge, na nitaueleza kwa kirefu kwa kuwa uliwahi kuninasa. Nilikuwa natoka Muheza kwenda upande wa Pangani, nikiwa na mama yangu na shangazi zangu wawili, tukiwahi harusi. Simu ilinionyesha mkato wenye kupunguza kilomita kadhaa. Njia yenyewe ilikuwa pana, nyekundu, imenyooka kama uzi, mkonge umepangika kulia na kushoto, na kwa dakika 20 za mwanzo nilijiona nimefanya uamuzi wa busara. Baadaye nilianza kukutana na njia panda zinazofanana, kila baada ya mita mia kadhaa, zote pana na zote hazina kibao. Hatimaye tulifika penye bonde dogo ambako kalvati lilikuwa limebebwa na maji, na upande wa pili kulikuwa na geti lililofungwa.

Mlinzi mmoja mzee alitoka kibandani. Nilimwamkia, "Shikamoo babu," naye akaitika, "Marahaba, mjukuu wangu. Poleni. Njia hii ni ya matrekta ya kubebea mkonge, na tangu masika haipitiki hata kwa hayo matrekta. Rudini mpaka kwenye mwembe, mshike njia yenye nyumba." Tulirudi. Tulifika harusini wakati biharusi ameshatolewa, na mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa somo, hakuzungumza njia nzima.

Sababu ya kosa lile inaelezeka. Ramani nyingi za simu huchorwa kwa kufuatisha picha zilizopigwa kutoka angani, na kwa anayetazama kutoka juu, njia ya trekta iliyonyooka na yenye upana wa mita sita inaonekana bora kuliko barabara ya kijiji inayopinda chini ya miembe na minazi. Mchoraji haoni geti, haoni kwamba ardhi ni ya shamba la mtu, wala hajui kwamba kalvati limeondoka. Programu nayo hupenda njia iliyonyooka kwa kuwa ni fupi.

Kujikinga ni rahisi ukijua cha kutazama. Kabla ya kukubali mkato wowote kati ya Hale, Ngomeni, Muheza, Pongwe na Kigombe, badilisha ramani ya simu ionyeshe picha ya angani, kisha ukuze. Ukiona mistari iliyonyooka inayokatana kwa pembe mraba, imeachana kwa vipimo vinavyolingana, na pembeni hamna paa hata moja, hilo ni shamba. Barabara ya umma huwa na nyumba, duka, shule, msikiti au kanisa kandokando yake, na mara nyingi hupinda kwa sababu waliotangulia kuipita walifuata mgongo wa ardhi ili kukwepa maji. Maneno ya yule babu, kushika njia yenye nyumba, nimeyafanya kanuni tangu siku ile, na hata sasa ninakubali kuongeza kilomita 15 kuliko kukata katikati ya mkonge.

Kazi ya jioni kabla ya safari

Kaa chini jioni, nyumbani, ukiwa na intaneti nzuri, uipitie njia nzima kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usitazame kilomita kwanza, hesabu mito. Kila mahali ambapo mstari wa buluu unakata mstari wa maji, jiulize kama ni daraja, kama ni kivuko cha zege kinachofunikwa na maji mvua ikinyesha, au kama ni pantoni. Pasipojulikana, andika kwenye karatasi kama swali la kuuliza kesho yake.

Kisha gawanya kilomita kwa saa ambazo simu imekadiria. Programu ikisema kwamba kilomita 60 za barabara ya udongo zitakwisha kwa saa moja, usiisadiki. Katika mipango yangu mimi huhesabu kilomita 60 kwa saa kwenye lami ya barabara kuu, kwa sababu penye makazi mwendo ni 50, kuna matuta, na kuna malori yanayopanda mlima taratibu; huhesabu 35 kwenye changarawe nzuri, na 15 hadi 20 kwenye udongo ulioharibika. Hesabu hiyo ni ya kwangu na unaweza kuirekebisha kulingana na gari lako, lakini ifanye wewe mwenyewe. Saa ya kufika ina uzito kwetu kwa kuwa mwaka mzima jua la Tanga huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni, na giza huingia upesi. Njia usiyoijua inayokubalika mchana si njia hiyohiyo usiku. Panga ufike na jua likiwa bado juu kwa saa moja au zaidi, na kama utapita Saadani au utategemea pantoni, uliza mapema saa za kufunguliwa na kufungwa, kwa sababu simu itakuelekeza mpaka kwenye geti lililofungwa bila kusema neno.

Hakikisha pia kwamba programu imepewa hali ya gari, si ya mtembea kwa miguu wala ya pikipiki. Nimeona zaidi ya gari moja likijaribu kupita kijia cha bodaboda kwa sababu mwenye simu alikuwa ameiacha katika hali aliyoitumia wiki iliyopita.

Pakua ramani ya eneo lote, si ya njia pekee, ili ukilazimika kugeuza uwe nayo bado. Kupokea ishara za setelaiti hakuhitaji bando wala mtandao, lakini picha ya ramani huhitaji, na ziko sehemu za Saadani, za pori la Handeni na za milima ya Usambara ambako mtandao hukatika kabisa. Ramani iliyopakuliwa ina udhaifu wake: haijui yaliyotokea baada ya siku uliyoipakua. Ukivuka Wami kwenye barabara kuu ya Chalinze kwenda Segera kwa ramani ya zamani, utaona kialama cha gari lako kikielea porini, kwa kuwa daraja jipya limejengwa mahali pengine na lile la zamani, jembamba la njia moja, ndilo lililobaki kwenye simu yako. Barabara ya pwani kati ya Bagamoyo, Pangani na Tanga, yenye mradi mkubwa wa lami pamoja na daraja la Mto Pangani, ndiyo inayobadilika kuliko zote. Kwa barabara hiyo, habari ya mwezi uliopita ni ya zamani.

Habari mpya hupatikana kwa watu. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, na zile za wilaya, vijijini na mitaani ziko chini ya TARURA iliyoanzishwa mwaka 2017. Ofisi zao zipo, na swali fupi la simu kuhusu barabara iliyokatika si la kuonea haya. Lakini wanaojua zaidi ni madereva na makondakta wa mabasi madogo. Aliye Tanga mjini aende stendi ya Kange saa za asubuhi, amtafute dereva wa njia anayoitaka, amsalimu, amuulize lini amepita mara ya mwisho. Kwa Lushoto, Bumbuli, Maramba au Kipumbwi, dakika tano za mazungumzo na dereva wa namna hiyo hunipa zaidi ya saa nzima ya kutazama simu.

Mwisho, andika safari kwenye karatasi: majina ya miji kwa mpangilio, kilomita kati ya mmoja na mwingine, na kila njia panda. Simu iliyobandikwa kwenye kioo juani hupata moto, hufifisha kioo chake, na wakati mwingine hujizima yenyewe kwa joto, hata kama chaji imejaa.

Majina yanayofanana na namba zinazodanganya

Mwaka 2009 wenzi wawili wa Sweden waliotaka kwenda kisiwa cha Capri, kusini mwa Italia, waliandika herufi mbili kwa kupishana kwenye kifaa chao, wakafika Carpi, mji wa kaskazini ulio mamia ya kilomita kutoka walikokusudia. Kwetu huhitaji hata kukosea herufi. Pongwe iko Tanga, karibu na jiji, na Pongwe nyingine iko pwani ya mashariki ya Unguja. Magomeni ni kata ya Bagamoyo, na ni kata maarufu zaidi ya Dar es Salaam, hivyo simu humpeleka mgeni kwenye ile inayoulizwa na wengi. Mandera iko jirani na Wami, nyingine iko Korogwe, na nyingine ni mji wa Kenya. Majengo, Mikocheni na Msikitini hazina idadi. Katika nchi ya Wazigua utakuta vijiji vingi vinavyoanza na Kwa au Kwe, na mara nyingine ramani moja huandika jina la kijiji kimoja kwa namna mbili.

Kwa hiyo usitafute kwa jina peke yake. Muulize mwenyeji wako jina la kijiji, kata, wilaya, na kitu kinachojulikana na kila mtu hapo, kama vile zahanati, shule au kisima. Ndani ya Ngamiani, Tanga mjini, uliza namba ya barabara na makutano yake, kwa kuwa mitaa yake huitwa kwa namba na wenyeji hawaelekezani kwa jina lingine.

Kinachoshinda jina ni mwenyeji kukutumia mahali alipo kwa namba za latitudo na longitudo. Namba hizo nazo zinataka uangalifu. Tanga mjini ni takribani -5.07, 39.10. Alama ile ya kutoa mwanzoni ina maana ya kusini mwa ikweta. Ukiisahau, simu itakuonyesha kusini mwa Ethiopia, na ukizigeuza namba nafasi utajikuta Hispania. Makosa hayo mawili huonekana mara moja kwa ukubwa wake. Hatari zaidi ni kosa dogo: nyuzi 5 na dakika 04 si sawa na 5.04, bali ni 5.067, na anayechanganya maandishi hayo mawili hupotoka kama kilomita 3, umbali unaotosha kumpeleka ng'ambo nyingine ya mto bila yeye kushuku. Wanaopenda ramani rasmi za karatasi za kipimo cha 1:50,000, kama ninavyozipenda mimi, wajue kwamba zile za zamani zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu hutumia WGS 84, na mahali pamoja huweza kutofautiana kwa takribani mita 300 kati ya mifumo hiyo.

Pwani: maji hayamo kwenye ramani

Machi 2012, wanafunzi watatu wa Japani waliokuwa matembezini Australia walifuata kifaa chao kuelekea kisiwa cha North Stradbroke. Ramani iliwaonyesha njia. Maji yalikuwa yamekupwa, wakaingia na gari kwenye tope la ghuba ya Moreton, wakakwama, na bahari ikarudi. Waliokoka kwa miguu na kuliacha gari.

Mtoto wa Tongoni au Kipumbwi asingeingia pale, kwa sababu anajua kujaa na kupwa. Dereva mgeni hajui, na pwani yetu ina mikoko, mikondo ya maji ya chumvi na fukwe ngumu zinazoonekana kama uwanja wakati wa maji kupwa. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila siku ikichelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kina kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Kwa hiyo njia iliyokuwa kavu ulipopita asubuhi inaweza kuwa chini ya maji alasiri, na simu itaendelea kuichora kwa rangi ileile. Usiendeshe gari kwenye ufuko au kwenye tope la mikokoni kwa sababu tu ramani ina mstari. Ukilazimika kupita mahali panapofikiwa na bahari, muulize mvuvi, si dereva: maji yanakupwa au yanajaa, na leo ni bamvua au ni maji mafu, yaani siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo?

Milimani

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni ya lami na haizidi kilomita 35, lakini imechongwa ubavuni mwa mlima juu ya korongo, na kona zake zinafuatana. Kuta za mawe huziba sehemu ya mbingu na kurudisha ishara za setelaiti kama mwangwi, hivyo kialama cha gari huweza kuruka na sauti ya simu kuchelewa. Dereva anayetazama kioo cha simu kwenye kona zile anacheza na roho za watu. Zima sauti, mpe simu abiria, endesha kwa macho, piga honi kabla ya kona. Nje ya lami, kama kuelekea Mtae, Mlola au kutoka Muheza kupanda Amani, ongeza tahadhari ya utelezi wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli.

Namna ya kuuliza njia

Kuuliza nako kuna ufundi, na wengi wanaosema kwamba wenyeji waliwapoteza waliuliza vibaya. Simamisha gari, zima injini, shuka ikiwezekana, msalimu mtu kwa rika lake, umjulie hali, ndipo uulize. Anayeita kutoka dirishani bila salamu hupewa jibu la haraka ili aondoke.

Usiulize, "Njia hii inaenda Mkwaja?" Mtu muungwana hapendi kumvunja moyo mgeni, na kwa kuwa kila njia mwishowe inafika mahali, atakujibu ndiyo. Uliza, "Njia ya Mkwaja ni ipi?" kisha umwache aonyeshe mwenyewe kwa mkono. Baada ya hapo uliza kama gari la ukubwa wa lako hupita, ukimwonyesha gari lenyewe, kwa sababu kijana wa bodaboda akisema panapitika anamaanisha kwamba yeye anapita. Uliza gari la mwisho limepita lini. Kama jibu ni leo asubuhi, endelea. Kama ni kabla ya mvua, tafuta njia nyingine. Umbali usiupime kwa neno "hapo tu", kwani la mtembea kwa miguu na la mwenye pikipiki hazilingani. Na uwaulize watu wawili walio mbalimbali, si wawili waliosimama pamoja, kwa kuwa mdogo hatampinga mkubwa wake mbele ya mgeni.

Wakati wa kurudi nyuma

Amua kabla ya kuondoka ni nini kitakachokurudisha, kwa sababu ukiwa umeshaingia kilomita 12 moyo hukataa. Mimi nina mambo matatu. Njia ikiwa nyembamba mpaka siwezi tena kugeuza gari, narudi kabla ya hapo. Nikikuta maji yanayotembea na siioni sakafu yake, siingii mpaka nimeona gari lingine likipita au nimepaingia kwa miguu na fimbo. Na nikiendesha kwa nusu saa bila kuona nyumba, mtu, wala alama mpya ya tairi, nageuza hata simu ikisema zimebaki kilomita nne.

Ukigeuza, usifuate maelekezo mapya yatakayotolewa papo hapo, kwa kuwa programu itatafuta mkato mwingine kutoka hapohapo ulipokwama. Rudi kwa njia uliyoijia, ambayo unajua inapitika, mpaka kijiji cha mwisho. Kama simu ilikuwa imezimwa na hamna mtandao, ipe dakika kadhaa ukiwa umesimama mahali pa wazi ndipo uamini inachoonyesha, na usiuamini mshale wake mpaka gari litembee mita chache, kwa sababu gari likiwa limesimama, chuma chake huvuruga dira ya simu.

Chukua maji ya kunywa ya kutosha watu wote kwa siku nzima, sepetu, kamba ya kuvutia, tairi ya akiba yenye upepo, na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki penye udongo laini. Mjulishe mtu mmoja njia utakayopita na saa utakayompigia. Ukikwama na mtandao upo, namba ya dharura ni 112. Soma pia latitudo na longitudo yako mapema na uiandike, ili betri ikikaribia kwisha uweze kuitaja kwa pumzi moja.

Ukifika

Kosa ulilolikuta litamkuta mwingine kesho, kwa hiyo liripoti siku hiyohiyo. Programu nyingi zina sehemu ya kuarifu kosa la ramani, na ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, huruhusu mtu yeyote aliyejiandikisha kuirekebisha mwenyewe. Andika mahali hasa, tarehe, upande uliotokea, aina ya gari, na kilichoziba njia: kalvati limebomoka, geti la shamba limefungwa, au panapitika kiangazi tu. Taja pia jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka, kwa sababu ndilo watakalouliza wageni wanaofuata.